Konyeza wa Barka

Usiku wa zamu yangu pampu ya tatu ilikohoa,
ikanyamaza. Mhandisi Qais akatukana kwa Kiarabu,
kisha akaomba radhi. Aliiomba pampu, nadhani.

Mimi Skolastika, wa ndoo na ufagio,
nilijua papo hapo nani amekuja.
Katekista wetu kule Kibosho alimchora ubaoni:
magamba yake ngao, pua yake tanuri,
kilindi kikichemka nyuma yake kama chungu cha mbege.
Nikanong'ona: Lewiathani.

Wakainua chujio kwa winchi.
Hamkuwa na jino. Hamkuwa na gamba.
Konyeza, tani kwa tani, uteute mtupu,
wasio na mfupa wala kauli,
mwanga wa kurunzi ukipita ndani yao kama ndani ya glasi.

Maskati nzima ikafungua bomba, ikapata upepo.

Qais akasema, "Subhanallah."
Nikasema, "Amina."
Tukachukua makoleo, tukaanza kuzoa;
alfajiri ikatukuta hata robo hatujafika.

Ee Bwana, mimi niliyekutafuta kwenye meno,
leo nimezizoa nguvu zako kwa koleo,
na mikono inaniwasha hadi sasa.