Njoo Jumatatu

Ghorofa ya tatu. Ngazi hamsini na moja.
Nazijua idadi kwa kuwa kila moja nimeilipia.
Kwenye ya kumi na tisa nilikaa,
nikajifanya nafunga kamba za viatu.
Nilikuwa nimevaa ndala.

Limi, mwanangu, kabeba bahasha, kabeba picha ya mapafu,
na mto wa kulalia ndani ya kiroba cha sukari.
"Baba, mto wa nini ofisini?"
Sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Dirishani binti wa miwani, mpole, hana kosa:
"Mzee, umepanda mwenyewe?"
Nikanusa mtego.
Nikisema ndiyo, basi mimi mzima.
Nikisema hapana, nimeletwa na nani, malaika?
"Nimepanda tangu asubuhi," nikasema.
Hilo hakuliandika.

Fomu inataka asilimia.
Kule Bugando walinipa mrija, wakaniambia puliza,
puliza, puliza, mzee, usikate,
mimi niliyepuliza filimbi ya zamu
ikasikika mpaka majabali ya Igogo.
Mashine ikatema karatasi yenye kilima,
kilima chenyewe kichuguu.
Chini yake wakaandika namba.
Siku hizi pumzi yangu ina namba
kama ng'ombe wa mnadani.

Namba haisemi pumzi nyingine ilibaki wapi.
Ilibaki kinuni, kando ya reli,
misimu ishirini na miwili ya kuchambua pamba,
vumbi jeupe halitui wala haliondoki,
tukitoka nyusi zimezeeka kabla yetu.
Jumatatu kifua kilibana kama waya wa robota.
Jumanne kikalegea.
Ijumaa ukapokea ujira, ukasahau.
Jumapili ukakaa ufukweni, ukala sato, ukaamini umepona.
"Ni pombe ya Jumapili hiyo," alisema msimamizi,
na hata sisi tusiokunywa tukakubali.
Mwaka wa kumi na tano Jumanne nayo ikawa Jumatatu.
Halafu Jumatano.
Sasa wiki yangu ina siku moja tu.

"Mkataba wa ajira?"
Kibarua wa msimu ana jina daftarini, basi.
Kinu kilipofungwa vyuma vilikwenda kwa kilo,
daftari likaenda kufungia karanga.
Huenda kuna mtu alinitafuna kwa chumvi.

"Mashahidi wawili uliofanya nao kazi?"
Ninao watatu: Maige, Nchambi, na Sospeter wa mizani.
Wamelala jirani jirani
wala hawakohoi tena.

Ndipo nikasema, Limi, lete huo mto.
Nikaukata mshono kwa jino.
Pamba ya kinuni, binti yangu.
Niliitoa ndani ya soksi, konzi kwa konzi,
mwaka niliooa, tupate pa kuweka vichwa.
Niliiba. Andika na hilo.
Andika kwamba mke wangu aliulalia hadi mwisho wake,
na mimi sasa nauegemea nikiwa nimekaa,
maana nikilala chali nazama nchi kavu.

Upepo wa ziwa ukaingia dirishani
na vumbi likainuka kutoka mtoni, polepole,
likasimama kwenye mwale wa jua
kama lililokuwa likinisubiri.
Binti akapiga chafya. Mara mbili.
"Pole," nikamwambia, na pole yangu ilikuwa ya kweli.

Akautazama mto. Akaitazama fomu.
Hakuna kisanduku cha mto.
Akaandika kitu pembeni, kwa herufi ndogo;
sikuweza kukisoma kichwa chini miguu juu.
"Mkuu hayupo, mzee.
Njoo Jumatatu."

Limi akanitazama. Nikacheka,
na kicheko kikageuka kile ambacho hugeuka kila siku,
nikaushika ukingo wa meza mpaka kikapita.

Akakusanya pamba yote, hata iliyoanguka sakafuni.
Ngazi hamsini na moja.
Kushuka, watu hudhani ni bure.