Kopo la Kaimati

Kongowea, kwenye mafungu ya vitunguu,
Kaimati anapita kwa miguu mitatu,
kopo la maziwa ya unga shingoni,
sarafu zikigombana ndani.

Mguu wa nne ulikwenda na uvimbe.
Mwaka ule Mkamburi aliuza friji,
mtaa ukacheka: mbwa naye
ana saratani?

Sasa anaichangia wodi ya watoto.
Shee Badi kaikunja kanzu
asije akaguswa na pua iliyolowa,
noti anairusha kwa mbali.
Upepo unaichukua.
Kaimati mbio, tatu-tatu,
anaikalia,
hasogei mpaka Mkamburi afike.

"Angetufaa kamati ya maji,"
Shee anacheka, kanzu imemponyoka.
"Mweka hazina wetu alikuwa na miguu miwili,
yote ya kukimbilia."