Nyuma Inyooke Kwanza

Machipuko, wanasema. Vidole vyangu havijapata habari.
Alfajiri ya Mei, Charlestown, pwani ya Rhode Island,
bahari inaning'ata kupitia suruali ya mpira
niliyoazimwa, ya marehemu mume wa Lucinda,
mtu aliyenizidi shubiri nzima kiunoni.
Nimeikaza kwa kamba ya turubai.

Lucinda Furtado huendesha basi la shule siku tano;
siku ya sita humwendesha yeyote aliye karibu.
Mimi ni jirani. Nilimsaidia kubeba friji tu,
nikajikuta nimekabidhiwa ufito mrefu mwembamba
na ndoana iliyovikwa kitu mfano wa kope.
"Huyu ni inzi," akaniambia.
Nikamgeuzageuza: nywele za mkia wa kulungu,
uzi mwekundu, gundi, jicho moja la rangi.
La pili lilibanduka.
Kwetu inzi hufukuzwa. Huyu anavishwa nguo.

Tabu yake ni kwamba hana uzito.
Risasi ingezama, ikauburuta mshipi.
Inzi huyu habebi, hubebwa,
na mshipi wenyewe haukubali kwenda mbele
mpaka uutume nyuma, juu ya bega, juu ya nyasi,
ukunjuke wote hewani hadi ncha.

"Subiri," anasema Lucinda. "Nyuma inyooke kwanza."
Sisubiri. Unaniangukia kichwani kama tambi.
Mara ya tatu umekamata kofia.
Mara ya nne, sikio.
Akaichomoa ndoana kwa koleo, bila pole,
kama abanduaye ubani chini ya kiti cha basi.
"Mbona hugeuki ukautazama?"
Miaka tisa hapa. Shingo yangu imezoea upande mmoja.

Jioni tukaingia wangwani kwa kiboti cha bati,
futi kumi na mbili, injini imezimwa,
kasia moja lake, moja langu, hatulingani.
Ndipo minyoo wakatoka matopeni,
wekundu, urefu wa njiti ya kiberiti,
maelfu, wakizungukazunguka juu ya maji
kama wageni wa harusi wasiojua mlango uko wapi.
Wamekuja kuzaliana na kufa, vyote usiku mmoja.
Na chini yao, samaki milia waliotoka kusini
wanawafyonza bila haraka: fyu. Fyu.
Sauti ya mtoto anywaye chai ya moto kwenye kisahani.

Lucinda hakusema kitu. Aliacha kutafuna tu.

Nikautuma nyuma. Nikageuza shingo.
Ukaenda, ukaenda, ukijifungua pindo kwa pindo,
mstari mweupe juu ya maji tuliyokwisha kuyapita,
ukanyooka.
Hapo tu nikasukuma.

Sijui kueleza kilichofuata.
Kigurudumu kilipiga yowe, ufito ukainama kama asalimuye,
kiboti kikavutwa ubavu,
Lucinda akitukana kwa Kireno, kwa furaha nadhani.
Tukampima kwenye rula iliyogundishwa ukingoni:
mfupi kwa vidole vinne, sheria haimtaki.
Nikamshika mdomo, uso wake kwenye mkondo,
mistari yake ikiwa myeusi, halafu hafifu,
mpaka mkia ukanisukuma mkono. Basi.

Usiku nikapiga simu Tanga.
Mama alikwisha amka kwa sala.
"Umevua?"
"Nimevua."
"Mkubwa?"
"Kama mkono wangu, kuanzia begani."
"Mmempika na nini?"
"Tumemrudisha, mama."
Kimya. Kikohozi. Jogoo wa jirani, huko kwao.
"Kwani alikuwa mgonjwa?"

Tulicheka mpaka salio likatoa onyo.
Kisha akasema, nieleze tena huo mshipi.
Unautupa nyuma, halafu?
"Halafu unasubiri."
"Mpaka lini?"

Nikapapasa sikio. Kidonda kilikuwa bado kibichi.