Kijiko cha Mkono wa Kushoto

Chaurembo hakujua anauza nini.
Beseni la bluu, Ilala Mchikichini:
visu vya hoteli zilizokufa, uma zisizo na meno,
funguo za makabati yaliyobaki Ulaya.
"Mia tano, dada. Vitatu elfu moja na mia mbili."
Nikaokota kimoja, cheusi kama masizi ya chungu,
nikaking'ata kidogo. Akacheka:
"Dada, hicho si muwa."

Mgongoni mwa mpini, chini ya weusi,
jina la fundi, na kando yake neno moja la kwao
lenye maana ya sarafu.

Ninavyo saba sasa, na upawa mmoja.
Upawa ulikuja kwa posta. Kijana wa ushuru
aliugeuza na kuugeuza kama samaki anayemshuku.
"Wa kupakulia?"
"Wa kupakulia."
"Na sufuria yake iko wapi?"
Sikuwa na jibu. Nikalipa.

Huko Marekani, zamani, migodi yao haijafunguka,
mtu akijaliwa reale za kutosha
alizipeleka kwa sonara, zikaingia motoni,
vichwa vya wafalme vikalegea, vikatiririka,
vikatoka vijiko sita vya chai.
Maana mwizi akija, reale haina mwenyewe,
kijiko kina herufi zako.
Sisi lugha yetu ilikwisha kumaliza habari hiyo:
fedha ya mfukoni, fedha ya mezani,
neno ni lile lile.

Huenda reale nyingine, ndugu wa hizo,
zilishuka pwani hii pamoja na majora ya marekani
zikaishia kikuku, mguuni mwa nyanya wa mtu.
Sijui.
Fedha ikishayeyuka haitoi ushahidi.

Pravinbhai wa Mtaa wa Mkwepu hana muda na hayo.
Anaulaza upawa wangu kwenye mizani, anashusha miwani.
"Gramu mia na themanini na mbili. Ina shaba kidogo.
Bangili nne, mama, na hereni zinabaki."
Kila mwezi anauliza.
Kila mwezi namwambia bado.

Jana usiku umeme ulikatika Magomeni.
Nikawasha mshumaa, nikakisugua kile cha Chaurembo
kwa jivu na limau, taratibu,
kama mtoto anavyosuguliwa nyuma ya masikio.
Ncha imelika. Hilo si geni,
miaka mia ya kukwangua bakuli lazima idai chake.
Lakini vile vingine vyote vimelika kushoto,
ndivyo anavyokwangua mtu wa mkono wa kulia.
Hiki kimelika upande wa pili.

Nikasogeza mshumaa.
Nikakihamishia kwenye mkono ninaouficha.

Shangazi Mwamvita aliufunga mkono huu kwa pindo la kanga,
nina miaka minne, wali ungali mdomoni.
"Huo wa chooni. Wa kulia ndio wa kulia."
Nami nikaelewa kama nilivyoelewa:
nikalia.
Mpaka leo, kwenye sinia la harusi,
nautia wa kushoto chini ya paja, nauketia.

Na kumbe yuko mtu, kwenye baridi nisiyoijua,
aliyekwangua uji wake kwa kushoto
asubuhi, asubuhi, asubuhi,
mpaka fedha ikamkubalia.
Labda hawakumfunga.
Labda walimfunga, akafungua kwa meno.
Herufi zake mbili zimefifia, ya kwanza nadhani ni H,
ya pili nimeipa majina matatu tangu jana.

Leo nimechemsha chai ya tangawizi, sukari vijiko viwili,
nikakoroga kwa hicho, kwa huo.
Fedha haina subira na moto.
Kabla sijamaliza bismillahi
joto lilikuwa limekwishapanda mpini mzima,
limefika kwenye vidole.

Sikukiachia.