Vidole Viwili

Tangi la kwanza lilipasuka saa nane za usiku.
Nikaamshwa na Bi Kowalke wa ghorofa ya chini
akigonga dari yake kwa mpini wa ufagio:
maji ya chumvi yalikuwa yakidondokea piano yake.
Detlef alisimama katikati ya dimbwi, soksi zimelowa,
akasema, "Ni ule mshono wa nyuma,"
kana kwamba mshono ni mtu, na mtu huyo kamsaliti.

Sisi ni watu wa Wuppertal. Bahari iko mbali nasi.
Tuna mto mwembamba, na juu yake
treni inaning'inia kama nguo iliyoanikwa.
Miaka thelathini na mmoja mume wangu aliyatia grisi magurudumu yake.
Alipostaafu alinunua matumbawe manne, samaki wawili wa michirizi,
na tangu hapo mapazia yangu yananuka pwani.

Sasa anajenga upya. Vipande tisa vya akriliki
vimeegemea jokofu, bado vimevaa karatasi ya buluu.
"Maji machafu yanashukia hapa," ananieleza,
kidole kikitembea mezani katikati ya makombo ya mkate,
"yanapita kwenye soksi, yanapigwa povu, taka inapanda na povu,
yanaruka ukuta huu, yanainama chini ya ule,
viputo vinabaki nyuma,
kisha pampu inayarudisha juu, safi."
Namsikiliza. Nilihudumu miaka ishirini
kwenye wodi ya kusafisha damu.
Figo naijua nikiiona.

Alikwama kwenye kuunganisha.
Gundi yenyewe si gundi: ni maji mepesi
yenye harufu ya kufutia rangi ya kucha.
Haipakwi. Hupenyezwa kwa sindano kwenye ufa,
na ufa wenyewe huinywa.
Lakini mkono wa Detlef ulilelewa na spana.
Mara mbili ulitetemeka, mara mbili tone likaangukia pasipo pake
likaacha kovu jeupe lisilofutika.
Akatukana kwa lahaja ya mama yake.
Nikaweka kikombe chini.
"Lete hapa."

Sikuwa nimeshika sindano
tangu waliponiaga kwa keki na saa ya ukutani.
Nikalaza ncha penye pembe, nikaitafuta njia
kama ninavyoutafuta mshipa wa mzee aliyekauka,
yule anayesimulia mechi ya jana ili asiangalie.
Nikasukuma. Kidogo. Tena kidogo.
Tukaiona ikikimbia ndani ya mshono,
ukungu ukigeuka uwazi,
hadi sikuweza kusema ubao huu unaishia wapi na ule unaanzia wapi.
"Usipumue," nikamwambia. Hakupumua.
"Sasa chomoa pini."
Akachomoa.

Mishono kumi na minne, kufikia Alhamisi.
Mmoja una kiputo, punje ya mtama. Ni wangu. Sikani.

Ijumaa tulilijaza, tukalilaza juu ya magazeti;
asubuhi magazeti yalisomeka, makavu, hata vifo vya ukurasa wa mwisho.
Bi Kowalke akaalikwa kushuhudia jaribio.
Alikuja na ufagio wake, nusu mzaha.

"Umeme ukikatika," Detlef akamweleza,
"maji yote yaliyo mabombani yanashuka kwa mpigo.
La chini halijazwi kamwe.
Lazima libaki na mahali pa kupokea."
"Hapa umeme haukatiki," akasema Bi Kowalke.
"Hata tangi halikupaswa kupasuka," nikasema mimi,
nikazima swichi.

Pampu ikanyamaza. Kumbe nyumba hii ina saa inayopiga.
Maji yakarudi, yakapanda, yakaufikia mstari mwekundu,
yakaupita.
Detlef akanishika kiwiko.
Yakapanda bado, polepole, kama mtu anayefikiri.
Kisha yakasimama.

Bi Kowalke akapiga magoti kwa taabu,
akatia vidole kati ya maji na ukingo.
"Viwili," akasema. "Lakini vyangu ni vyembamba."
Akauegemeza ufagio ukutani
akauliza kama kuna kahawa.