Maji Mafu

Likizo yangu iliandikwa Doha,
wodi ya mifupa, ghorofa ya nne,
na msimamizi asiyejua mwezi ila wa mshahara.
Siku tisa, akasema. Chukua au acha.
Nikachukua. Ndipo nikafungua jedwali la maji,
nikaona nimechukua bamvua.

Ruelito, nikamwandikia kaka yangu usiku ule,
nitatua Siquijor mwezi ukiwa mpevu.
Alfajiri bahari itakupwa hadi ukingo wa mwamba:
hatua mia tatu za majani na vidimbwi,
viti vya pweza, na nungunungu wa bahari
wamejibana kila tundu, miiba juu.
Baba hapiti hapo. Mguu wake wa kushoto
tangu kiharusi hukokoteka
kama mtoto asiyetaka shule.
Na adhuhuri, maji yakijaa, yatajaa kwa hasira,
na ule mkondo wa mlangoni tunaujua sote:
ulichukua ndoo, kandambili, na mbwa wa padri.
Mbwa alirudi.

Ruelito akajibu neno moja: Subiri.

Yeye hukodisha miwani na mirija kwa wageni
wanaouliza bahari hufunguliwa saa ngapi.
Hacheki. Huwaonyesha ubao wake wa chaki.
Kila siku maji huchelewa dakika hamsini hivi,
kama mfanyakazi aliyekwisha kuizoea kazi,
na kila siku ubishi wake hupungua.
Jumamosi yanafoka. Jumatatu yananung'unika.
Ijumaa, akaandika, saa kumi na robo,
yatakuwa yamejaa kiasi na hayamsukumi mtu.
Maji mafu. Dakika arobaini. Hapo tumpeleke.

Maji mafu!
Miaka kumi na moja hospitalini
sikuwahi kuomba kitu chenye jina hilo.

Baba alikuwa karani wa manispaa.
Ni yeye aliyechapa, kwa vidole viwili,
sheria ya kufunga mwamba wa Lawigan,
na siku ya kuufunga akabeba kwa mikono yake
kombe changa, upana wa sahani,
akalilaza mchangani kama anayelaza mtoto
aliyesinzia garini.
Hilo ndilo alitaka kuliona. Hakutaka kingine.

Jumatano Ruelito akanivuta nyuma ya jiko.
Lile kombe, akasema, lilikufa. Tufani ile kubwa.
Nang Demetria, mlinzi wa mwamba, aliliokota maganda;
moja analo, hutekea maji ya kuku.
Alhamisi yote tukajadili.
Tukachagua jingine, la tatu kutoka kwenye boya,
kubwa, la kutosha miaka.
Tukakubaliana nani ataonyesha kidole.

Ijumaa. Saa kumi na robo.
Tukamketisha kwenye kiti cha plastiki, maji kifuani,
tukamvisha miwani, tukamtia mpira wa tairi kwapani,
na bahari ikasimama
kama mtu aliyesahau alilokuwa akienda kufanya.
Tukamkokota polepole, mimi kulia, Ruelito kushoto,
mguu ule mkaidi ukielea nyuma, mwepesi, bila kesi na mtu.
Boya. La kwanza. La pili.
Ruelito akaonyesha la tatu.

Baba akatazama. Akatikisa kichwa.
Akatoa mrija mdomoni: Si hilo.
Akatuvusha, yeye sasa ndiye mwenye safari,
hadi kwenye kombe dogo, lenye kovu ukingoni,
midomo yake ya samawati imeachama.
Kivuli chake kikalipitia, likafumba.
Akacheka ndani ya mrija, akameza bahari, akakohoa,
akacheka tena.
Hatukusema kitu. Ningesema nini?
Nani aliniambia mimi ndiye ninayejua?

Kisha majani ya chini yakaanza kuinama,
yote pamoja, kuelekea mlangoni.
Nang Demetria akapiga filimbi.
Kiti chetu tulikikuta kimehama, kimeanguka ubavu.

Ufukweni, taulo kichwani, Baba akauliza:
Na Desemba, maji yakoje?
Nikafungua jedwali kabla mikono haijakauka.
Safari hii nitaanza na mwezi,
kisha nimpigie msimamizi.