Ukurasa wa Themanini na Tisa

Kutaisi, baridi ile umeme ulipokuja saa mbili tu kwa siku,
kitabu cha Kiingereza kilikuwa kimoja na sisi wawili:
mimi, na Khatuna wa fundi viatu, ghorofa ya tano.
Tulikinunua kwa chupa tatu za mvinyo wa babu yake
(babu hakuulizwa).
Akachukua kisu cha kukatia ngozi
akakipasua uti wa mgongo, taratibu, ulimi nje,
hadi gundi ikaachia.

Mimi nikapata mwanzo mpaka themanini na nane:
nomino, wingi wake, rangi, viungo vya mwili, vyombo vya jikoni.
Yeye, kuanzia themanini na tisa:
vitenzi, na nyakati zake zote.

Basi nikawa na kijiko, nikawa na goti, nikawa na mwavuli,
nisijue la kuvifanyia.
Naye alijua kukimbia, kusamehe, kuazima,
asijue nani, asijue nini.
Ili sentensi moja isimame
sharti nipande ngazi orofa mbili gizani, kiganja ukutani,
nibishe hodi na nomino mdomoni isije ikapoa.
Mama yake hufungua mlango: "Umekuja kuomba kitenzi?"
Na chumvi, mama, kama ipo.

Neno rafiki lilikuwa langu, ukurasa wa kumi na nne:
friend, na picha ya wavulana wawili wenye baiskeli moja.
Nilimpelekea. Akapekua upande wake, akarudi na make.
Tulicheka mpaka mshumaa ukazimika.
Kumbe Waingereza marafiki huwatengeneza!
Kama viatu, akasema Khatuna, na viatu alivijua:
unakata, unashona, unagonga misumari,
na mwezi wa kwanza lazima vikubane.

Mwalimu Lamara alifundisha na koti mwilini.
Lugha yetu haimtengi mume na mke,
neno moja tu latutosha sote,
ndiyo maana mkuu wa shule, na masharubu yake yale,
tulimwita "she" muhula mzima.
Kisha vile vidudu viwili, a na the,
visivyo na maana vikiwa peke yake
wala nomino haitoki nje bila kimojawapo.
A friend, alisema mwalimu, ni yeyote,
hata wa kwenye foleni ya mkate.
The friend ni yule nikimtaja tu, nawe umeshamjua.
Nikageuka kumtazama Khatuna.
Alikuwa akichonga penseli.

Mwezi wa Machi mama yake akapata kazi Thesaloniki,
kumwogesha bibi kizee wa watu.
Basi liliondoka alfajiri
na vitenzi vyangu vyote ndani yake.

Jumatatu mwalimu akauliza, Khatuna yuko wapi?
Nikasimama. Khatuna has been to Greece.
Hapana, akasema. Been ni aliyekwenda akarudi.
Aliyekwenda, basi, huyo ni gone.
Akaliandika ubaoni, chaki ikamkatikia mkononi.
Darasa zima likanakili.
Mimi nilichora mwavuli.

Juni, dereva wa basi lile akaleta kifurushi:
sabuni, kahawa, na ndani ya soksi
kurasa nane, themanini na tisa mpaka tisini na sita.
Pembeni, kwa penseli, kwa lugha ya nyumbani:
"Nami nitumie nane zako. Huku nakimbia kutwa
na sijui kinaitwaje ninachokikimbilia."

Nikaenda kwa baba yake kuazima kisu.
Nikachomoa jikoni yote, nikachomoa goti na kiwiko,
nikachomoa hali ya hewa.
Nikahesabu: nane.
Ya kumi na nne nikaibakiza,
apate sababu ya kuuliza.